Mama Mkwe Anataka Mawimbi ya Mwambani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimebanwa kama kidole mlangoni. Mimi ni mwalimu wa kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi, mume wangu ni fundi wa majokofu na kazi yake ni ya safari, kwa hiyo nyumbani nimebaki na mama yake, mshonaji mstaafu, mwanamke wa heshima zake, ambaye zamani akiniona narudi na chumvi kichwani alikuwa anaguna tu, "Kazi gani hii ya kuloa?"

Basi siku moja akaomba tufuatane, akakaa mchangani na mwavuli wake, na mshauri, maswali yakaanza! Mbona pale kwenye gati bovu mawimbi ni mapole, nikamwambia chini ni mchanga mtupu, mbona mdomoni mwa mto yanakuja shaghalabaghala, nikamwambia maji ya mto yanasukumana na ya bahari, na kule kwenye mwamba je, mbona yanasimama kama ukuta? Nikasema, "Kule mama, hata mimi naenda nimeshaaga." Akafunga mwavuli, akasema, "Lete huo ubao." Kumbe chini ya gauni alishajishonea vazi la kuogelea la mikono mirefu!

Nikamlaza kifudifudi pale gatini, maji ya kiuno, wimbi likamzoa mpaka ufukweni, nikakimbia nikijua nimeshaua mama wa watu, nikamkuta anacheka mpaka machozi. "Mwanangu, kumbe mnafaidi hivi na hamsemi?"

Sasa anaweza hata kusimama kidogo, na wimbo wake ni mwambani, mwambani, tena anasema nisipompeleka atakwenda mwenyewe. Mume wangu akipiga simu, mama ananinyang'anya, "Niko salama baba, nimepumzika tu," huku ananikonyeza. Mume akijua, ndoa yangu ipo kweli? Nikimkatalia mama, si nitaitwa mkwe mwenye roho mbaya?

Mwalimu Niliyebanwa

Mwalimu, barua yako nimeisoma nikacheka, halafu nikakukasirikia. Unamfundisha mtu kusoma bahari huku mwenyewe unashindwa kusema na mumeo! Mama mkwe ni mtu mzima, si bangili ya mumeo uliyoiazima bila ruhusa. Piga simu leo, mkae wawili, na mama ndiye aseme. Aliyemzaa hatamwogopa.

Kisha mpeleke kwa daktari akapimwe moyo na mifupa. Jaketi la kuokolea asilivue. Mwambani haendi, na hilo umwambie wewe kama mwalimu, si kama mkwe. Ila kiu ya kujua haizimwi kwa "hapana" tupu. Siku maji yakitoka, mshike mkono mkaukague ule mwamba ukiwa mkavu, aone meno yake, aone wimbi linajikwaa wapi. Hapo mwenyewe ataamua akiwa na macho.

Jibu hili nilimtumia mwalimu mapema, na kabla ukurasa huu haujakwenda mtamboni kuchapwa nilimpigia. Simu walishapiga, na mwambani walishakwenda, maji yakiwa yametoka. Mama aliyapapasa yale mawe, akasema, "Hapa panataka magoti ya mtu mwingine," wakarudi gatini. Mume je? Aliuliza tu, "Mama alisimama? Alisimama kabisa?" Sasa anaomba ruhusa kazini, na anataka kujua asiyejua kuogelea aanzie wapi.

Aanze kwa kujifunza kuogelea. Usimpe ubao hata akikuita mke mwema.