Mama, Nilikataa Kutia Sahihi

Mama yangu uliyebaki kwenye udongo wa Mabalako,

Nakuandikia kutoka Butembo, na leo moyo wangu ni mwepesi. Unakumbuka siku ile kule Kirumba, mnunuzi wa viazi alipokuletea karatasi utie kidole? Hukujua kusoma. Ulificha mkono ndani ya kitenge ukamwambia, "Unisomee kwanza." Lori lilingoja, watu wakanung'unika, nawe ukasimama tu. Mimi nilishika nguo yako kwa woga.

Tangu tulipokimbia vita naishi kwa chakula cha msaada. Miezi michache iliyopita jirani yangu Kavira alinishtaki kwamba napokea mara mbili, hapa na Beni. Msaada ukakatwa. Nikaitwa kuhojiwa parquet, kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka.

Mchunguzi alisema jina langu limeonekana Beni pia, basi nikubali, nitie sahihi kwenye karatasi yake, nirudi kwa wanangu. Lakini wakili Kahambu alikuwa ametufundisha sisi wanawake haki zetu kanisani. Nikamwomba mchunguzi anieleze kosa langu ni lipi hasa. Nikasema nina haki ya kunyamaza mpaka wakili wangu afike, na kwamba Kifaransa cha karatasi ile sikielewi.

"Mama, unanichelewesha," akasema.

"Baba, tungoje avocat. Miye siwezi tia sahihi kwa maneno yenye sikusema."

Tulingoja. Kahambu akaja, akaketi kando yangu, akataka maandishi yote yasomwe kwa Kiswahili. Kumbe walikuwa wameandika kwamba nimekiri! Maneno hayo yalifutwa mbele ya macho yangu. Kisha akaomba yule mwanamke wa Beni aitwe.

Alifika kutoka mtaa wa Ruwenzori huko Beni, mrefu, mwenye mtoto mgongoni. Naye anaitwa Katungu Kambale, kama mimi. Unajua sisi Wanande, watoto hupewa majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, basi akina Katungu wamejaa kila mtaa. Mchunguzi alituuliza majina ya baba zetu na vijiji vyetu, akatutazama mmoja mmoja, akaona ni watu wawili tofauti, akafunga faili.

"Mama Katungu, uende. Hauna kosa."

Nje, mwenzangu alinikumbatia tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Msaada ulirudishwa, na siku ya kugawa chakula nilibeba unga kichwani, nikapita katikati ya barabara, si vichochoroni kama nilivyokuwa nikipita wiki zile za aibu. Nikasonga bugali, nikapika sombe ya majani ya muhogo, nikaita majirani. Kavira alisimama nje ya ua. Nikamwambia, "Kuya, ukule." Alikula, kisha akasema mbele ya wote kwamba alinisingizia. Niliongeza mboga kwenye sahani yake.

Mama, wanawake wanaoitwa kuhojiwa sasa hupita kwangu kwanza, nami nawapeleka kwa Kahambu. Ungeniona ninavyotembea mbele yao!

Pumzika salama. Wajukuu wako wameshiba, nami sijainamisha kichwa.

Binti yako,
Katungu