Amina Iliyokatika Mkia

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mgongo umekupa nafuu na shemeji hajambo. Sisi huku tunapumua tu. Usiucheke mwandiko, unajua mimi na shule tuliachana mapema.

Dada, nyumbani hapakaliki. Mwanao Kasuku, huyu mkubwa wangu mwenye maneno mengi, hushinda kwa jirani yetu mshona nguo akimsaidia kushikiza vifungo. Nilifurahi, nikasema mtoto anapata ufundi. Kumbe wakisimama kuswali, naye husimama nyuma yao. Siku moja aliniuliza eti Mungu anawapenda zaidi wanaopiga magoti au wanaosujudu. Nikamwambia achague mchele vizuri, mawe yasije yakamvunja baba yake meno.

Jumapili iliyopita baba yake alimwambia aombee chakula. Aliomba vizuri, hata paka akamtaja, kisha akamalizia kwa Amin. Sisi tangu tuzaliwe tunasema Amina. Amin ni ya kule kwa jirani. Na shemeji yako ni seremala, ubao ukipungua unywele anaona. Aliweka kijiko chini, akamwambia arudie. Akarudia vilevile. Akamwuliza ile 'a' ya mwisho ameiacha kwa nani. Mtoto akajibu kwa adabu kabisa, samahani baba, moyo wangu umeshazoea hivyo.

Hakumpiga. Afadhali angempiga. Alichukua nyundo akakibomoa kitanda alichomtengenezea mwenyewe, ubao mmoja mmoja, mtoto anatazama. Akasema Jumapili hii asimame mbele ya kanisa atubu, la sivyo asimwite baba tena. Kasuku akasema hawezi kumdanganya Mungu ndani ya nyumba yake. Tangu hapo baba mtu haitikii shikamoo yake. Anaamkia, kimya. Anaamkia tena, kimya. Mimi nagonganisha sufuria ili ule ukimya usisikike.

Nilijaribu kumwambia mume wangu kwamba huyu ni mtoto, bado anatafuta. Akaniuliza na mimi natafuta nini.

Sasa dada, nikwambie la moyoni, maana Kasuku aliyekuletea barua hii hajui kilichomo. Nimemwambia anakuja kukusaidia kazi likizo hii, nami nitamfuata. Nimemdanganya. Siji. Nikitoka hapa wadogo zake nitamwachia nani? Nimemtuma aje akae kwako. Baba yake hajui. Akirudi kutoka karakana nitamwambia, na liwe litakalokuwa. Usimkataze kuswali, wala usimsukume. Mimi bado nina tumaini, moyo wa baba yake si jiwe. Ila mtoto asiwe anasubiri mlangoni kuitikiwa.

Nisalimie wote hapo, wakubwa kwa wadogo. Akifunga mzigo wake ameniahidi atalala kitandani upande wa ukutani ili aniwekee nafasi. Mwache aiweke. Leo usimwambie kitu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba