Vidonge Vile vya Magoti Yako

Mama,

Nimefunga duka la dawa. Hapa Kasulo wanadhani nimelifunga kwa ajili ya kilio chako. Wakipita wananipa pole, nami naipokea kwa haya.

Unakumbuka ulivyojisifu kwa ajili yangu? Magoti yako yalipovimba, baada ya miaka yote ile ya kuinama mtoni ukiosha mawe ya shaba, uliwaambia wenzako huna haja ya hospitali. "Mi niko na dokta wangu mu nyumba." Dokta gani, Mama. Nilisoma miezi michache, mengine nikajifunzia kwenye maboksi. Nilikupa vidonge vya diklofenaki, uvimbe ukashuka, ukacheza kanisani. Basi nikaendelea kukupa asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, hata siku ambazo hukuumwa.

Kisha kanisa likatangaza maombi ya kufunga siku tatu. Uliniuliza kama dawa inavunja mfungo, nikacheka, nikasema dawa si chakula. Kwenye boksi imeandikwa imezwe baada ya kula. Wateja wangu niliwasomea maneno hayo kila siku, wewe nikakuacha uvimeze tumbo tupu. Siku ya tatu ukaniambia, "Mado, tumbo iko inaniunguza." Nikakujibu ni njaa tu, vumilia.

Jioni ile jirani yetu, Mama Ngalula, alikuletea bukari, ugali wetu, na samaki, ukafungua mfungo. Asubuhi ukatapika damu. Hospitalini nesi aliniuliza ulikuwa unatumia dawa gani. Nikasema hakuna. Niliogopea jina langu, Mama. Wewe unatokwa na damu, mimi nawaza wateja watasema nini. Adhuhuri hukuwepo tena.

Kwenye matanga wajomba wakauliza nani alikulisha mwisho. Mama Ngalula akatajwa, na neno mulozi, mchawi, likafuata. Mimi nilikuwa pale pale kwenye mkeka. Nilivuta kitambaa usoni, nikalia kwa sauti zaidi.

Sasa hakuna anayemsalimu. Jana bombani wanawake walisogeza ndoo zao mbali na yake. Aliponiona aliuliza, "Mado, mutoto yangu, unakulaka?" Nikajitwisha ndoo yangu, nikaondoka. Siku zote tatu zile, ni yeye peke yake aliyekumbuka kukuletea chakula.

Pumzika, Mama. Msamaha siuombi leo, sijaustahili. Jumapili wajomba watakuja kugawa vitu vyako, na yeye hakualikwa. Nitakwenda kumchukua kwake, nitamshika mkono mtaa mzima ukiona, nimketishe kando yangu. Nitaweka boksi la vidonge mbele ya wajomba, kisha nitajibu lile swali la nesi. Nitasema, "Ni mimi niliyempa."

Mado wako, ambaye hakuwa dokta.