Mbuzi Alinadiwa, Pointi Hazikutosha

Kabuku, Jumatatu. Mvua tangu alfajiri, tope mpaka mlangoni, na mimi sina hamu ya kuongea na mtu.

Zimebaki wiki saba nirisiti kidato cha sita. Leo nilijipangia sura mbili za Historia. Nimesoma ukurasa mmoja mara nne na sikumbuki hata kichwa chake.

Hapa nitasema ukweli, maana kwingine kote nimeshaufukia.

Matokeo yangu ya kwanza yalikuwa daraja la tatu: Historia D, Jiografia E, Kiingereza S. Ni kufaulu, ila kwa sheria chuo kikuu pointi hazitoshi. Baba, kule Kerenge, alisikia nimefaulu akaishia hapo. Jumapili iliyofuata akapeleka mbuzi kanisani, shukrani ya binti yake kwenda kusomea sheria. Baada ya ibada mbuzi akanadiwa uani, kina mama wakapiga vigelegele, nami nimesimama pembeni ya baba natabasamu.

Ningesema siku ile ile. Sikusema.

Nikaaga naenda chuo, ada nikadai serikali inalipa. Nikaja kujificha huku kwa mama mdogo. Nauza dukani kwake, wateja wakipungua nasoma. Basi la kutoka Korogwe likisimama, naingia nyuma ya magunia asije akashuka mtu wa kwetu. Huyo ndiye wakili mtarajiwa.

Asubuhi baba kapiga simu. Jirani kasogeza mpaka wa shamba, kala kipande chote cha migomba. Wazee walimshauri wagawane, wayamalize nyumbani. Kakataa.

"Nimewaambia Alhamisi tunakwenda baraza la kata," alisema, furaha tele. "Binti yangu ni mwanasheria, atanisemea."

Shamba lile ndilo lililotulea, na kulikuwa na njia ya kuliokoa nusu, kaikataa kwa sababu yangu.

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Chuo sipo, sijawahi kuwepo, nipo Kabuku nauza sukari. Nisamehe baba.

Nikasikia mvua ya kwao ikipiga bati. Nilijiandaa kutukanwa, na nadhani ningepata nafuu.

"Wazee nimeshawajibu vibaya," alisema hatimaye, taratibu. "Siwezi kuwarudia. Wee njoo tu hiyo Alhamisi, mwanangu. Vaa vizuri, shika daftari, ukae karibu yangu. Wasijue."

Akakata.

Tangu saa hiyo kitabu kiko mapajani, ukurasa ni ule ule. Nikienda, nitamsaidia kupoteza shamba huku naandika andika kama msomi. Nisipokwenda, ataketi peke yake mbele ya kata nzima. Nimemfundisha baba yangu kudanganya, mtu ambaye hata mizani ya sokoni hajawahi kuichezea.

Nauli ninayo. Uso nitauweka wapi?