Mposaji Aliyepiga Hodi

Likoni,
Ijumaa, baada ya sala

Mamangu mpenzi,

Nakushika miguu, nami nakuomba usiivute, ingawa haki ya kuivuta unayo. Miezi minne nimekunyima hata mstari mmoja. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii ya kusi? Bibi bado anakataa dawa ya hospitali? Na mdogo wangu Athmani, ameacha kulala na nguo za skuli ili asubuhi asichelewe? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila nimechoka, na kuchoka kwangu si kwa kazi peke yake. Utaona huko mbele.

Barua hii nimeiandika kwa herufi za Kiarabu, zile ulizonifundisha wewe ukumbini kabla sijazijua za skuli. Mkono umezisahau kidogo, mistari inakwenda upande kama kaa, uniwie radhi. Nimefanya hivyo ili uisome wewe mwenyewe. Athmani hazijui vizuri, na jirani usimpe.

Hapa kwa shangazi siku zinafanana. Alfajiri napanga foleni ya maji bombani, nikirudi napika chai, kisha navaa buibui nakwenda kufundisha watoto wa darasa la pili. Unanijua nilivyo. Yule mtoto wako aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango wageni wakija, leo anasimama mbele ya watoto arubaini. Mwezi wa kwanza niliwafundisha nimewapa mgongo, naandika ubaoni bila kusita, maana nikiandika hawanioni uso. Ikifika adhuhuri vidole vimepasuka kwa chaki na koo limekauka kwa sauti ninayoilazimisha. Jumamosi navuka kwa feri kupeleka karatasi za skuli zikapigwe chapa kisiwani, nasimama juani katikati ya matenga ya kuku na vikapu vya muhogo, narudi, nafua. Shangazi hanionei, usije ukadhani. Naye anasuka ukili wa mikeka tangu asubuhi mpaka macho yanamtoka maji.

Karatasi hizo ndizo ninazotaka kukwambia habari zake. Mwalimu mkuu wetu, mtu mpole wa huko Kisauni, aliniita mwanzo wa mwaka akanipa kitabu cha Kiingereza kilicholiwa na mchwa pembeni. Ni hekaya za Wayunani wa kale, zimesimuliwa upya kwa watoto wa Kizungu. Akasema kila mtu sasa anazungumza uhuru, na watoto hawa kwa lugha yao hawana cha kusoma ila habari za mbuzi na jembe. Akasema mimi nimesoma lugha zote mbili, tena si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo kazi nitaimaliza. Kila wiki nimtolee mlango mmoja, yaani sura moja, kwa Kiswahili cha watoto, nami niwasomee darasani.

Hadithi yenyewe ni ya nahodha aliyekwenda vitani, akakaa miaka ishirini asirudi kwao. Mkewe yuko nyumbani na mtoto, hana habari naye. Waposaji wamejaa ukumbini, wanachinja mbuzi wa mwenye nyumba, wanalala hapo hapo, wanamwambia chagua mmoja wetu. Yeye anangoja. Majina yao yanavunja ulimi, nikawaita Nahodha na Bibi, basi. Palipokuwa na mvinyo nikatia tembo la mnazi. Mchawi aliyewageuza mabaharia nguruwe aliniletea mzee wa mtoto mmoja mpaka mlangoni, amekunja uso, akisema nguruwe hatasomwa nyumbani kwake. Nikawageuza punda. Watoto wakafurahi zaidi, maana punda wanamjua na kila mmoja ana jirani anayemfananisha naye.

Sasa mama, nikiri.

Barua yako niliipata. Mjomba alipopita hapa siku ya tatu ya Idi kubwa akaniuliza kama imefika, nikasema haikufika. Ilikuwa chini ya godoro, na godoro lenyewe ndilo nililokalia. Niliisoma mpaka mikunjo yake ikaanza kukatika. Ulisema hati ya kadhi ya kumhesabu baba amekufa unayo, eda umekwisha kuikaa, na Fundi Bakari ametuma wazee kukuposa. Ukasema, "Sitawajibu mpaka nipate neno lako, kwa kuwa wewe ndiye mwanangu mkubwa." Nami nikaamua kuwa kimya changu ndilo neno.

Tangu kabla ya barua hiyo nilikuwa na kinyongo. Ulipokaa eda nilikuona unamlilia mtu ambaye mimi sikukubali kuwa amekufa. Baba alipanda meli Kilindini kwenda kutia makaa, barua zikaja miaka miwili, kisha zikakatika. Hiyo haikuwa maiti kwangu. Unadhani nilikuja huku kwa ajili ya kazi. Nilikuja ili nisione viatu vya mwanamume mwingine mlangoni petu.

Kitabu kile nilipokifungua nikakuta mwanamke anayengoja miaka ishirini, nikaona nimepata jiwe la kukupiga. Nilimsifu yule Bibi kuliko alivyosifiwa kwa Kiingereza. Nilikusudia milango ikitimia nimtumie Athmani, akusomee kwa sauti ukumbini, na wewe ukae usikie hadi mwisho. Haikunitosha. Kati ya waposaji nikamtia mmoja ambaye kitabuni hayumo: mfupi, ana jino la dhahabu, mguu mmoja anauburura, na kila akikaribia kusema neno la maana anapiga chafya tatu kwa vumbi la mbao. Unamjua ni nani. Nilimtia ili achekwe.

Watoto hawakumcheka, mama. Siku ya kwanza niliposoma, "Akapiga chafya," darasa zima likajibu kwa pamoja, "Yarhamukallah!" kama wanavyofundishwa makwao na kwenye chuo cha Kurani. Nikasoma chafya ya pili, wakajibu. Ya tatu, wakajibu. Watoto arubaini wanamwombea rehema mtu niliyemtunga nimtukane. Nilishindwa kuendelea, nikasingizia kikohozi.

Ikawa ndiye kipenzi chao. Kila mlango wananiuliza, yuko wapi wa chafya? Sikuwa na la kumfanyisha, nikaanza kuokota ninayoyajua. Nikaandika kwamba aliukuta mlango wa Bibi umeachia bawaba, akaukaza, akaondoka bila kudai kitu. Nikaandika kwamba yeye haingii na wenzake. Anapiga hodi nje, anangoja aambiwe karibu ndipo aingie, na kama haitikiwi anaacha samaki wake kizingitini anakwenda zake. Nilikuwa naandika huku nakumbuka mlango wetu wa uani, na Fundi Bakari alivyotukazia mwaka ule wa mvua nyingi. Sikutaka kukumbuka. Kalamu ilikuwa inatafuta cha kusema, ikakipata hicho.

Alasiri huwa namsomea shangazi kwanza, nisikie kama maneno yanakaa vizuri. Tukafika pale Nahodha anapokaa miaka saba kisiwani kwa mwanamke mmoja, analishwa, anavishwa, na mchana anakwenda pwani kulia. Shangazi akaweka ukili chini.

"Huyu hakupotea," akasema. "Huyu amekaa."

Nikamwambia lakini analia kila siku, shangazi, kitabu kinasema analia.

"Na alie. Machozi yake yanamfaa nini yule aliyeko nyumbani?"

Yeye ni dada wa baba, tumbo moja, na nilidhani katika dunia hii mimi na yeye tuko upande mmoja. Baadaye, akiwa ameinama kuchambua mchele, akaniuliza kwa nini sijakujibu. Kumbe alijua siku zote. Ndiye anayetandika godoro langu. Akasema ndugu yake amekwisha kumlilia na kumsomea khitma peke yake, hajui alikufa au alikaa, na yote mawili amemwachia Mungu. Kisha akanitazama. "Mimi dadake nimeridhika, kadhi ameridhika. Wewe ukadhi umepewa na nani?"

Hata hivyo sikukuandikia. Mimi mgumu, mama, wa haya na mgumu, sijui vitu hivi viwili vinakaaje pamoja.

Jumatatu hii tukafika mlango wa mwisho. Nahodha anarudi amejifanya mwombaji, milango inakomewa, anachukua upinde wake na kuwamaliza waposaji wote ukumbini, hasazi mtu. Ndivyo kilivyo kitabu, na ndivyo nilivyoandika. Nilisoma polepole. Nilipofika "wote wakafa", nikaweka karatasi mezani.

Kuna mtoto anaitwa Mwanasha, anakaa karibu na mlango, tangu mwaka uanze hajafungua kinywa darasani. Mimi humwacha, maana namjua mtu wa namna hiyo kwa ndani. Akainua mkono nusu.

"Mwalimu, yule wa chafya alipiga hodi."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Wale wengine waliingia tu. Yeye alipiga hodi, akaambiwa karibu." Akashusha mkono. "Mtu aliyekaribishwa huuawa?"

Mwanasha huletwa skuli kila asubuhi kwa baiskeli na mume wa mamake. Babake hakurudi kutoka safari ya bara. Yule mtu humshusha, humfunga ushungi uliopeperuka, humkabidhi mkoba, na hangoji shukrani. Nimewaona kila siku nikipita na ndoo ya maji ya darasa, na kila siku nimeangalia pembeni.

Nikawaambia wangoje kidogo. Nikageukia ubao, nikashika chaki kama siku zile za mwanzo, lakini safari hii sikuwa na cha kuandika. Nilisimama hivyo mpaka macho yakakauka. Kisha nikageuka nikawaambia kwamba nimesoma vibaya: wa chafya hakuwamo ukumbini, alikuwa ametoka kwenda kutia udhu, na aliposikia kelele alirudi kwake salama. Mtoto mmoja wa nyuma akasema, "Si nilijua," na wenziwe wakamzomea kwamba alikuwa analia.

Mwalimu mkuu alipolinganisha na Kiingereza akaniita ofisini. Akasema huyu wa chafya humu simwoni, umemtoa wapi? Nikasema, "Kwetu." Akasema basi mwache, ila punguza chafya.

Limebaki moja, na ndilo zito. Ile kofia ya vito, ya matundu madogo ya sindano, uliyokuwa ukimshonea baba, iliyobaki robo kwisha, ukaitafuta kwenye kasha ukadhani panya wameiburura: niliichukua mimi. Niliitia ndani ya mto wangu wa kulalia siku ya kuondoka ili isije ikamaliziwa kwa kichwa kingine. Niliwatazama uani wewe na bibi mkihamisha makasha kuitafuta, na mimi nikasimama nikiwasaidia kutafuta. Nisamehe. Naipeleka pamoja na barua hii, nimeifua kwa maji baridi na kuianika kivulini, haikuharibika. Uimalize, uifumue, uipunguze au uipanue, ni kazi ya mkono wako na amri ni yako. Ila ndani yake ulikuwa umekunja ule uzi uliompimia baba kichwa siku ile kabla ya safari, wenye mafundo mawili. Kofia nimeirudisha. Uzi huo niachie mimi.

Na neno uliloniomba ni hili: wajibu wazee, uwaambie ndiyo, kama moyo wako ndio unaotaka. Usingoje tena kwa ajili yangu. Nilikuwa nikikudai miaka ishirini ya mwanamke wa kitabuni, na wewe mwenyewe umengoja minane, ukitulea, bila hata mtu mmoja wa kukuandika.



Nisalimie bibi, mwambie dawa chungu aifuatishe na tende kama alivyokuwa akitufanyia sisi. Mjomba aliyebeba barua hii nisalimie mara mbili, mara ya pili ikiwa ni ya kumwomba radhi kwa uongo niliomwambia. Jirani yetu mpika mahamri, mwambie hapa wanayakaanga hayavimbi. Athmani mwambie milango yote ya hadithi iko ndani ya bahasha ya kaki, aisome mwenyewe kwa raha yake, asimsomee mtu kwa nguvu. Shangazi anakusalimu sana, anasema wewe bado ni wifi yake, hilo kadhi hakuliandika kwenye hati.

Na Fundi Bakari nisalimie. Sitaweza kumwangalia usoni siku nitakapokuja, unajua haya zangu. Nitakaa nyuma ya mlango kama zamani. Lakini akija, akapiga hodi, mwambie karibu. Na akipiga chafya, umjibu mara moja yako, na mara moja yangu.

Ni mimi mwanao, mwenye kuzitaka radhi zako,
Maimuna