Ukungu wa Pwani ya Mifupa

Mpendwa mwanangu Kariuki,

Bwana asifiwe. Hali yako huko ikoje, na kile kifua chako? Sisi hapa Ruring'u tuko wazima, ila baridi ya Julai imetukalia, na mimi nikiketi nasimama, nikisimama natafuta pa kuketi. Ulisema unaenda kaskazini wiki moja kutengeneza magari ya watalii, mahali hakuna netiweki. Hii ni wiki ya tatu, baba.

Nikuambie ukweli. Kanisani nilikuwa nasema tu uko Namibia. Jina lenyewe lilinishinda kutamka. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake ili aliyeondoka asipotee, ndiyo maana wewe ni baba yangu. Sasa nani huita nchi kwa mifupa? Lakini Alhamisi, kwenye maombi ya kina mama, Mama Nyambura alinibana: "Tutamwombeaje mtu na hatujui aliko?" Nikasema: Pwani ya Mifupa. Wakadakia wote:

"Ati mifupa ya nani?"

Nikawaeleza vile ulinieleza tukichambua maharagwe, kabla hujasafiri. Kwamba bahari ya huko ni baridi na jangwa ni moto, upepo wa hivyo viwili ukikutana, ukungu unafunika kila kitu. Meli zikapotea njia, zikapanda mchanga. Waliofika nchi kavu hawakupata hata tone la maji. Na mifupa mingi ni ya nyangumi, iliachwa na wawindaji. Hiyo ya nyangumi niliisema mara mbili.

Mama Nyambura akacheka. "Kumbe ni ukungu tu! Si Kariuki huyu ulikuwa unamgongea debe asipotee?"

Nilikuwa nimesahau, kweli. Unakumbuka tukiishi Gatitu? Unatoka shule, shamba la kahawa limefunikwa na ukungu, hata mgomba wa mlangoni hauonekani. Nasimama hapo nagonga debe, nawe unajibu kutoka kwa kahawa, "Mama, nimesikia! Wacha kelele, wananicheka!" Nami siwachi mpaka nione kofia yako.

Barua hii dada yako Wanjiru ataipiga picha akutumie kwa simu. Najua itakaa na tiki moja, haijakufikia. Haidhuru, nitamwambia aitume tena kesho, na kesho kutwa.

Mungu akufungulie njia. Tafadhali nijibu upesi, hata kama ni kuniambia niwache kelele.

Ni mimi,
mama yako