Musomaji Wangu wa Kwanza

Jumatatu, 6 octobre

Mimi Zihindula ni mutu wa bahati! Naandika hivi bila haya, maana kaye hii, daftari yangu, hakuna mwenye kuifungua isipokuwa mimi. Kuna wenye Mungu aliwapa mashamba kule Masisi. Kuna wenye aliwapa diplome. Mimi alinipa mudomo, na bibi mwenye kusoma. Wenzangu wote wa Goma wenye kuandika hadithi wanalia: bibi hasomi, bibi anasema huo ni ujinga, bwana aende kutafuta kazi. Mimi, kila magaribi nikituma episode, musomaji wangu wa kwanza ni Henriette. Hata sasa akiwa Bukavu, ziwa lote katikati yetu! Anafungua kabla ya watu wote. Nani mwingine ana bahati hiyo? Anyooshe mukono.

Henriette yuko kwa mama yake tangu août. Mama ana mugulu mugonjwa. Mugulu ukipona atarudi. Voilà.

Hadithi yenyewe ni ya mapenzi, Jolie na Viateur, naituma kwa groupe ya WhatsApp. Wasomaji ni wateja wangu wa hapa Keshero, wa kibanda changu cha kuchaji telefone. Mutu ananiletea telefone imekufa, namurudishia iko na courant na hadithi ndani. Publicité ya namna hiyo hata Nairobi sikuiona. Na Nairobi nilifika! (Siku tatu. Lakini nilifika.)

Leo mama Umuhire, mwenye kuuza maziwa pembeni ya kibanda changu, ameniuliza Jolie na Viateur watagombana lini. Eti wamependana mpaka amechoka. Nikamuambia mapenzi ni kama maharagi, soko yake haifi. Akanijibu: “Hata maharagi, papa Zihi, mutu anatia chumvi.”

Chumvi! Mimi!

Jumatano, 8 octobre

Atelier ya waandishi, mafundisho kwa salle ya kanisa, ya paroisse. Nilivaa koti. Wengine wote vijana wa université, na majina ya vitabu mudomoni kama pipi. Mimi nilifika troisième secondaire, halafu shule ikachoka na mimi. Lakini nani kati yao ana groupe imejaa? Nilikaa mbele.

Madame Élodie ndiye alitufundisha. Alitoka Kinshasa kupitia Kigali, anajua mambo ya vitabu ya dunia muzima. Alisema hadithi zina mode kama nguo: leo suruali pana, kesho nyembamba. Mwandishi anapaswa kujua watu wanavaa nini sasa na watavaa nini kesho. Nikasema ndani ya roho, huyu mama amesema kweli. Mimi nilivaa suruali pana wakati watu wote walishaacha.

Alieleza mingi. Kwamba mapenzi yangali mbele, lakini watu wanapenda yachanganywe: mapenzi na majini, mapenzi na mauaji. Kwamba hadithi za woga zinapanda. Kwamba watu wanasoma kwa masikio sasa. Kwamba kuna hadithi za dunia kuharibika, joto, maji kupanda, milima kupasuka. Hapo tulicheka! Mutu mumoja wa nyuma akasema: “Madame, sisi mulima unatema moto juu, ziwa lina gaz chini, katikati ndiyo tunalipa loyer ya nyumba. Hiyo si genre ya hadithi, ni anwani!”

Halafu Madame akasema kitu cha ajabu. Eti huko kwingine wanapenda sana hadithi za kutuliza roho. Ndani yake hakutokei kitu. Mutu anapika. Anafungua duka. Mvua inanyesha, anakunywa chai. Basi! Nikasimama: “Madame, siku muzima ya Goma bila kitu kutokea? Hiyo ni hadithi ya mwaka elfu tatu, watu wanaishi kwenye mwezi!” Salle ikapasuka. Yeye mwenyewe alifuta machozi ya kicheko.

Mwisho akasema kuna na hadithi za kweli, mwandishi anaandika ya nyumba yake mwenyewe. Hiyo nayo inapanda sana.

Hapo nikaangalia vifungo vya koti.

Alhamisi, 9 octobre

Muzee Munguakonkwa amepita kwa kibanda. Yeye ndiye mukubwa wetu hapa, sisi watu wa upande wa Bukavu. Ndiye alinisindikiza wakati wa kuoa, aliongea kwa wakwe mpaka ng’ombe zikapungua. Hakuleta telefone. Alikaa tu.

Akaniuliza: “Tunaenda lini?”

Nikamuuliza wapi. Akaniangalia kama mutu anayeangalia shati lenye tobo. Akasema bibi mwenye kurudi kwao hafuatwi na telefone. Anafuatwa na miguu. Wazee wawili, kasiksi, pombe ya ndizi ya kupelekea wakwe, bwana mwenyewe anakaa kwenye kiti kifupi, anasema nilikosa. Ndivyo baba zetu walifanya, na baba zao.

Nikasema hakurudi kwao kwa hasira, muzee, ni mugulu wa mama.

“Zihindula. Mugulu gani? Uliandika episode, mwanamuke anaomba kwa usingizi bwana apate kazi ya kweli. Keshero muzima walijua ni maombi ya nani. Kule sokoni walimuita ‘Mama Kazi ya Kweli’. Mutoto wa watu!”

Nikamuambia sikutaja jina. Nikamuambia pia kwamba dawa iko njiani: Jolie ni Henriette, Viateur ni mimi, kila episode Viateur anaomba musamaha kwa maneno matamu kuliko ya jana. Henriette anasoma yote. Nitamuleta kwa hadithi, kama nilivyomupoteza kwa hadithi. Kasiksi ya nini?

Muzee akasimama. Alisema tu: “Kasiksi ina mudomo kuliko wewe.”

Mimi! Kuliko mimi!

Ijumaa, 10 octobre

Nimeuliza groupe wanataka nini. Kosa. Cédrick, fundi wa umeme, anataka vita vya kwenye nyota. Janvier, muteja mwingine, anataka polisi na maiti. Mama Umuhire anataka Viateur awe na bibi wa pili ndani ya ziwa.

Bon. Madame Élodie alisema kuchanganya. Nimechanganya! Episode ya leo: magaribi, Jolie anamushika Viateur mukono, mukono ni baridi. Anamuangalia miguu. Hakuna miguu — mukia wa samaki! Yule aliyemupenda ni kitu cha ziwa.

Ni nzuri sana. Hata mimi niliogopa nikienda kuoga.

Jumamosi, 11 octobre

Matata. Mama Micheline, mwenye kufundisha katekisimu, ametoka kwa groupe. Kabla ya kutoka aliandika: “Zihindula, batoto wangu wamekataa kunawa miguu.” Janvier anauliza mukia ni wa sambaza ao wa tilapia, maana sambaza ni kidogo kwa mwanaume mwenye heshima. Siku muzima ni mukia. Wateja wanashuka pikipiki, wananiangalia miguu.

Tena nikafikiri: Viateur ni mimi. Sasa Henriette atasoma kwamba mimi ni samaki.

Nimefuta. Nimesema ilikuwa ndoto ya Jolie, alikula muhogo mubichi.

Jumanne, 14 octobre

Cédrick anasema niachie mashine kazi. Kuna kitu ndani ya telefone, unakiambia unataka nini, kinaandika chenyewe. Ndiyo mode ya kesho. Nikajaribu. Nikasema: hadithi ya mapenzi, bwana na bibi wanarudiana, Goma.

Iliandika mbio kuliko mimi kupiga chafya. Kiswahili safi, cha kupiga pasi. Viateur anamungojea Jolie kwenye gare ya treni. Theluji inaanguka. Jolie anavua glavu.

Treni, Goma! Theluji! Nilimusomea mama Umuhire. Akaniuliza kama huyo Jolie ni mugonjwa. Lakini alisema jambo limoja nimelibeba mpaka nyumbani: “Inaomba musamaha vizuri. Lakini haijui ilifanya nini.”

Alhamisi, 16 octobre

Nimeandika asubui, kibanda kimefungwa. Sikuweka maneno matamu. Sikuweka jini ao maiti. Nilijaribu ile genre tuliyoichekea, ya hakuna kitu kutokea.

Jolie anashuka bateau, ile meli ya ziwa. Viateur anamubebea sakosi yake. Hawaongei. Wanapanda pole pole, mawe meusi ya volcano pembeni ya njia. Nyumbani, mulango uliokuwa unalia haulii tena, ametia mafuta. Jolie anaona. Anaweka sufuria juu ya mbabula, jiko ya makala. Anapika sombe. Mvua inaanza kupiga manjanja ya juu ya nyumba. Bati halivuji. Viateur anasema: “Nilisema maneno ya nyumba inje.” Jolie anasema: “Leta chumvi.” Wanakula. Mwisho.

Nilituma kwa sauti. Nikazima telefone, nikafikiri groupe imekufa sasa.

Ijumaa, 17 octobre

Sijawahi kuona! Nimewasha telefone, ikatetemeka mpaka ikaanguka toka mezani. Hakuna aliyeuliza mauaji. Janvier — Janvier wa maiti! — alituma sauti: “Papa, bati halivuji. Aksanti.” Mama Micheline amerudi kwa groupe, anaomba nimutumie.

Na mama Umuhire. Yeye alikaa mwaka na zaidi chini ya hema ya bâche kule kambi ya Mugunga, sufuria alizokimbia nazo toka Rutshuru zilibakia njiani moja moja. Amekuja kwa kibanda na maziwa, hakutaka nilipe. Akasema: “Irudilie pale anapoweka sufuria.” Nikairudilia. Akasema: “Tena.” Tukasikiliza pale tu, sufuria inawekwa, mvua inaanza. Nilikuwa na kichekesho tayari mudomoni. Nilikimeza.

Madame Élodie alisema kweli. Watu waliona mambo mengi hapa. Kitu hawajaona ni siku isiyo na kitu.

Ningeishia hapo! Lakini mama Umuhire akajifuta macho, akauliza: “Na bibi yako Henriette? Yeye mwenye kufungua wa kwanza? Alisema nini?”

Nikasema alilia. Nikasema alisikiliza mara mbili. Hapo mudomo ukaniacha, ukaenda peke yake: nikasema anarudi kesho, na bateau ya Bukavu.

Mama Umuhire akapiga vigelegele. Kwa dakika kidogo groupe yote ilijua.

Bon. Inawezekana. Nani alisema haiwezekani? Nitatia mulango mafuta.

Jumamosi, 18 octobre

Niko naandika kwa port, bateau zinapofunga, nimekaa juu ya jiwe. Mulango nilitia mafuta kweli.

Wamekuja! Mama Umuhire na kitambaa kipya, na bidon ya maziwa. Janvier ameoga. Cédrick ameleta baffle, spika kubwa, anataka kupiga episode wakati Henriette anatia muguu chini, ili mama akanyage ndani ya hadithi yake. Mama Micheline na batoto watatu, wote wamenawa miguu. Mutu wa port aliuliza kama tunangojea askofu. Janvier akasema tunangojea Jolie.

Mama Umuhire ananiuliza mbona natoka jasho na upepo ni wa baridi. Nasema ni mapenzi. Wanacheka. Hata mimi nacheka.

Muzee Munguakonkwa naye amekuja. Koti ya Jumapili, fimbo, na muzee mwingine sijui jina, wa kwao Henriette. Kati yao bidon ya njano, nimeisikia harufu toka mbali: kasiksi. Nikamuambia, muzee, aksanti, tutakunywa na bibi akishuka. Akanishika bega, akainama, akaongea chini watu wasisikie:

“Hii si ya kukunywa hapa. Hii ni ya wakwe. Bateau ikishusha watu inapakia wengine, inarudi Bukavu. Majina matatu yako kwa liste. Lako liko katikati.”

Anajua. Tangu lini anajua?

Bateau imefunga kamba. Wanashuka. Mwanamuke na kuku. Askari. Masista wawili. Cédrick ameinua baffle, ananiangalia nimuonyeshe. Mama Umuhire anasimama kwa vidole vya miguu: “Ni yule wa kitambaa cha bleu? Papa Zihi, ni yule?” Si yule. Muzee ameshaokota bidon, ananingojea, hanisukumi.

Napaswa kufunga kaye hii na kuwaambia. Acha nianze hapa, mahali nilianzia.

Niliandika kwamba musomaji wangu wa kwanza ni Henriette. Ni uongo. Kwa kila episode niliyomutumia kwa namba yake tangu août kuna alama moja tu, ya kijivu: haikumufikia. Hajasoma hata moja.